Aliyesimama Nyuma ya Mashuka

Shuka lilirudishwa Jumanne asubuhi na mhudumu wa nyumba ya wageni, likiwa bado limekunjwa vilevile lilivyotoka kwa dobi. Mhudumu hakuja kwa shari. Alilifungua taratibu juu ya meza ya pasi, akaonyesha kwa kidole. Ndani ya mkunjo wa mwisho, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki mpaka atandike, palikuwa na shungi la nywele nyeusi, nene kama kidole gumba, limelazwa kwa pasi likagandamana na kitambaa kana kwamba limedariziwa.

Wanawake watatu waliokuwemo chumbani walitazamana. Mwenye dobi alikuwa mjane mwenye macho yasiyopitwa na doa. Pasi ilikuwa mikononi mwa binti yake. Kufua na kuanika ilikuwa kazi ya mke wa mwanawe, ambaye wiki ya harusi alibeba peke yake beseni la mablanketi mabichi lililowashinda wanaume wawili, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwa jina. Walimwita Chuma. Wote watatu walifunga vichwa kwa vitambaa tangu asubuhi hadi kazi iishe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya pale.

Mama mkwe aliomba radhi, akasema huenda nywele ni za mgeni aliyelalia shuka. Mhudumu akajibu kwa upole kwamba chumba kile amekaa mzee mwenye kipara mwezi mzima. Wifi yake Chuma akacheka. Mama hakucheka. Wiki hiyohiyo yakapatikana mashungi mengine matatu: moja ndani ya foronya, jingine limejizungusha kwenye kibanio cha kuanikia, na la tatu kwenye maji ya kusuuzia, likielea na kuzunguka polepole ingawa hakuna aliyeyagusa maji.

Chuma alijua jambo ambalo hakulisema. Kila asubuhi mto wake ulikuwa na nywele, na alipovua kitambaa bafuni alizishika kwa viganja. Alijua nywele ni zake. Asichokijua ni nani anayezing'oa.

Na hazikuwa nywele tu. Kulipokucha, vidole vyake vilikataa kukunjuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imejikunja mapajani kama kucha za ndege, akingoja saa nzima, wakati mwingine mbili, mpaka viungo vilegee. Mumewe alikuwa fundi wa makufuli, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Alimletea maji ya moto, akavikanda vidole kimoja kimoja, akimwambia kwamba mji mzima hakuna kufuli lililomshinda ila haya kumi. Chuma alicheka ili asilie. Uchovu aliokuwa nao haukufanana na uchovu wa kazi. Alilala amechoka, akaamka amechoka zaidi, kama mtu aliyefanyishwa kazi na wengine usingizini.

Majini ya watu wengine huja gizani. La Chuma lilikuja saa sita mchana.

Uwanja wa nyuma ulikuwa na kamba kumi na mbili, na siku za mashuka ya wageni uligeuka mji wa vichochoro vyeupe. Chuma alikuwa kwenye kamba ya nane, vibanio mdomoni, jua limesimama wima kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwa na kivuli, alipoona kivuli cha mtu kwenye shuka la kamba ya tisa. Alidhani ni wifi yake. Akamwita, naye wifi akaitika kutoka chumba cha pasi, mbali, nyuma yake kabisa. Akainama atazame chini ya pindo, maana mtu akisimama nyuma ya shuka miguu huonekana, na pale chini hapakuwa na miguu, palikuwa na saruji kavu inayong'aa tu, lakini kivuli hakikuondoka, kilikuwa kirefu kumpita, kimelisukuma shuka kwa ndani hata likatokeza mfano wa uso, na ingawa upepo ulikuwa umekufa na mashuka mengine yote yakining'inia kama ngozi, lile moja lilivutwa ndani likatoka, likavutwa likatoka, kama kitambaa kibichi juu ya mdomo wa mtu anayetafuta pumzi, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, kisha akasikia akiitwa, kwa sauti ya chini ya mtu aliye karibu sana, jina lake la utotoni, jina ambalo mama yake mzazi alikufa nalo na ambalo hata mumewe hakupata kuambiwa.

Vibanio vikamdondoka mdomoni. Hakukimbia. Alitembea akishika kamba mpaka mlangoni, na wifi yake alipoinua macho kutoka kwenye pasi alisahau kuinyanyua, hata shati la mteja likaungua.

"Nani amekupiga kofi?" wifi aliuliza.

Hakuna aliyempiga. Lakini usoni, kutoka shavu moja kupita juu ya pua hadi shavu la pili, palikuwa na alama nyekundu inayoelekea weusi, imevimba kidogo na ina moto, kana kwamba kiganja kipana kilitua katikati ya uso na kuenea pande zote mbili. Mama mkwe alipoiona alirudi nyuma hatua moja. Kisha akafunga mlango wa uani na kusema kwamba siku hiyo mashuka yangekaukia popote yatakapokaukia.

Tangu hapo nyumba ikaanza kusemwa kwa kunong'ona. Alama ilififia kila Chuma alipokaa ndani siku mbili tatu, na kila alipotoka kuanika ilirudi, nyekundu zaidi. Alipotumbukiza mikono kwenye maji ya baridi ya asubuhi, vidole viligeuka vyeupe, weupe wa nta usio na tone la damu, kisha vikawa vya buluu, halafu vikawaka kwa maumivu. Wifi aliyaona hayo mara moja tu, akasema vile si vidole vya mtu aliye hai, na kuanzia siku hiyo akawa anasuuza yeye.

Kisha wifi naye akasikia. Alikuwa peke yake chumba cha pasi, mchana, Chuma amelala na homa, mama ameenda kupeleka mizigo. Uani, kwenye jiwe la kufulia, mtu alikuwa anapiga nguo: pwaa, kimya, pwaa, kimya, kwa mwendo ule wa Chuma ambao wote waliuzoea. Akasema moyoni, amepata nafuu, afadhali. Akaenda kumwambia arudi akalale. Jiwe lilikuwa kavu. Juu yake, jua kali likiwaka, palikuwa na alama ya maji ya kiganja kimoja, ikikauka kuanzia vidoleni. Alipoingia chumbani alimkuta Chuma kitandani, shuka hadi kidevuni, macho wazi, naye akamuuliza kwa sauti ndogo kama na yeye amesikia. Wifi alipanda kitandani kwa viatu vyake, akamkumbatia, wakakaa hivyo mpaka mama aliporudi.

Isisemwe kwamba hawakwenda kutafuta tiba. Walikwenda. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za malaria ingawa damu haikuonyesha malaria. Ya pili ikasema homa ya matumbo. Ya tatu ikamchoma sindano za baridi yabisi kwa ajili ya viungo, ikampa na mafuta ya kupaka uso. Kila ugonjwa ulipokelewa kama mgeni aliyekuja peke yake, hakuna aliyeuliza kama wageni hawa wote walishuka chombo kimoja. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka ya miezi mitatu, mwaka uliopita. Ya pili ilitoka ikiwa na miezi mitano, mtoto kamili, kimya, na hilo pia likaandikwa kwenye karatasi nyingine na kuwekwa kwenye droo nyingine.

Zahanati ya nne ilipima damu yake ikasema ana kaswende.

Fundi alipimwa, akaonekana hana. Walirudi nyumbani. Hakumtukana, hakuinua mkono. Jioni ile alikunja mkeka akaenda kulala sebuleni, na asubuhi hakuleta maji ya moto. Chuma aliapa kwa kila kilichomo mbinguni na duniani kwamba hajamjua mwanamume mwingine. Akaapa mpaka sauti ikakauka, huku mumewe akisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesikilizia kufuli lisilotaka kufunguka.

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Alimwita mwanawe jikoni na kumwambia kwamba jini likitaka kuvunja nyumba huanza na mimba, kisha uso, kisha neno la aibu linalokaa kati ya mume na mke. Fundi akamuuliza kama anaamini hayo kweli.

"Afadhali jini kuliko aibu," mama alisema. "Jini linatolewa."

Mganga alikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mzee mkimya, aliyevaa shati safi lenye kola iliyopigwa pasi vizuri hata mama mkwe akaitazama mara mbili. Alitaka chumba kisicho na upepo, wakampa chumba cha pasi. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi ya wateja, chetezo kikawekwa sakafuni, Chuma akakalishwa kwenye kigoda, akafunikwa shuka jeupe kuanzia kichwani.

Chini ya shuka moshi ulikuwa mzito na mtamu. Chuma aliona mwanga wa makaa, aliona magoti yake yaliyovimba, alisikia mganga akisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mganga akauliza aliyemo ni nani. Hakujibiwa. Akauliza mara ya pili, na wifi aliyekuwa amebana mgongo mlangoni aliona shuka likianza kuvutwa ndani na kutoka, likavutwa na kutoka, na akajua hiyo ndiyo pumzi aliyosimuliwa. Mara ya tatu mganga aliinama karibu kabisa na shuka, akauliza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye msiba, wewe ni nani na umeingia kwa ruhusa ya nani, na kutoka chini ya shuka ikatoka sauti ambayo haikuwa ya Chuma, kavu, ya polepole, isiyo na hasira hata kidogo.

"Sikuingia," ilisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Hapo mwili ukakakamaa. Kigoda kikapinduka, Chuma akaanguka ubavu, miguu ikapiga sakafu, meno yakasagana, macho yakapinduka yakabaki meupe, povu likamtoka mdomoni, na mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mteja wala mwana, alipiga yowe moja refu lililosikika hadi barabarani. Fundi alimwaga chetezo kwa teke, akang'oa mablanketi madirishani, jua likamwagika ndani, akapiga magoti akakipakata kichwa cha mkewe kisiendelee kugonga saruji.

Ilipita dakika tatu, nne. Mwili ukalegea. Mganga hakuwa amekimbia. Alikuwa amechuchumaa miguuni mwa Chuma, na hakuwa akitazama uso. Alikuwa akitazama mguu. Aliubonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi, mfupa wa mbele chini ya goti, akahesabu kimya, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale, lenye kina, kama kwenye unga uliokandwa. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo likabaki.

Akauliza mkojo wake ukoje.

Wifi akamwambia kwa aibu kwamba unatoa povu, povu jingi, jeupe, lisilozama. Walidhani ndoo ya chooni haisuuzwi sabuni vizuri.

Mganga akanawa mikono, akaanza kukusanya vitu vyake. Mama mkwe akamshika mkono wa shati na kumsihi asiondoke akaliacha limekasirika. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu," alisema, "nimezungumza na mengi, miaka arobaini. Mengine yalikuwa ya kweli, mengine yalikuwa njaa na huzuni. Hili lililozungumza leo silijui, na sitaki kulijua. Lakini jini halijazi mguu maji, wala halitii povu kwenye mkojo. Huyu figo zinakufa. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, msingoje hata kubadilisha nguo."

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na utulivu wa mtu aliyezoea kuona watu wakifika wamechelewa. Alisimamisha kitanda karibu na dirisha. Alimtazama Chuma usoni muda mrefu bila kuuliza kitu. Kidole chake kikapita hewani, juu ya shavu, juu ya pua, shavu la pili, kikasimama kwenye mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Pale ngozi ilikuwa safi. Wekundu ulikuwa umeishia ukingoni mwake, kama maji yaliyokatazwa kuvuka.

Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yaliwatisha kuliko moshi wote wa mchana ule.

Aliuliza kama nywele zinatoka kwa mashungi. Aliuliza kama asubuhi vidole hukataa kukunjuka kwa saa nzima au zaidi. Aliuliza kama alama ile ya uso huja akikaa juani na kufifia akikaa ndani. Aliuliza kama vidole hugeuka vyeupe kwenye maji ya baridi, halafu buluu, halafu vyekundu, na aliuliza kwa mpangilio huohuo, rangi baada ya rangi, kama mtu aliyekuwa amesimama kando ya beseni. Wifi akamshika mama mkono. Daktari akauliza kama kuna mimba zilizotoka. Akamulika tochi ndogo mdomoni mwa Chuma, akawaita wasogee waone: juu kwenye kaakaa palikuwa na vidonda vitatu vilivyochimbika, na Chuma, ambaye havikupata kumuuma hata siku moja, hakujua kwamba vipo. Akauliza kama ameanza kuona vitu, au kusikia akiitwa. Chuma akafumba macho.

"Na je," daktari aliuliza, akiandika, "umewahi kupimwa kaswende ukaambiwa unayo, na mumeo akaonekana hana?"

Fundi alikuwa ametazama sakafu. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Daktari, nani amekuletea habari za nyumba yetu?"

"Hakuna, mama. Ugonjwa huu una tabia zake, na mimi nimekaa nao sana. Kipimo kile cha kwanza huwa kinadanganywa na damu ya namna hii. Kuna kingine kisichodanganyika, tutakifanya leo." Akamgeukia Fundi. "Kama ni ninachokifikiria, mkeo hakuwa na kosa lolote."

Kijiti walichokichovya kwenye mkojo kiligeuka kijani kibichi, dalili kwamba figo zinavujisha protini, na chini ya darubini mkojo ulikuwa na damu isiyoonekana kwa macho. Damu ya mkononi ilipelekwa maabara kubwa. Kipimo cha pili cha kaswende kilirudi kesho yake: hana, hakuwahi kuwa nayo. Majibu mengine yalichukua siku tisa, na daktari hakuyangojea ili aanze dawa, maana alisema figo hazingoji barua. Walichukua kipande cha figo chembamba kama uzi kwa sindano ndefu, wakakichunguza. Siku ya kumi alivuta kiti, akakaa, akautaja ugonjwa kwa jina. Lupasi.

Aliwaeleza kwamba kila mwili una askari wake, kazi yao kukamata wadudu wanaoingia. Kwa Chuma, askari hao walikuwa wamesahau sura ya mwenye nyumba. Walikuwa wanapiga ngozi, viungo, nywele, figo, na sasa walikuwa wamefika kwenye ubongo, ndiyo maana alikakamaa, na huenda ndiyo maana alisikia na kuona. Jua huwachochea. Si ugonjwa wa kuambukiza, si wa uzinzi, si adhabu. Huwapata wanawake vijana zaidi, na wengi huzungushwa kama walivyozungushwa wao, kwa sababu kila mtu hutazama kipande kimoja.

Chuma alisikiliza akiwa amejilaza ubavu. Alikuwa na swali moja.

"Kwa hiyo hakuna aliyeingia?"

"Hakuna aliyeingia."

"Basi mtamtoa nani?"

Daktari alisema hatoki. Kwa dawa hulala, na watu huishi naye miaka mingi amelala, wanafanya kazi, wengine wanazaa salama wakisimamiwa vizuri. Kazi ya Chuma itakuwa kutomwamsha: vidonge kila siku hata akijisikia mzima, kutokaa juani, mkojo upimwe, macho yakaguliwe, na sauti ikirudi aseme siku hiyohiyo. Chuma akaitikia. Lakini mama mkwe aliyekuwa nyuma ya mlango alisema baadaye kwamba hajapata kuogopa maisha yake yote kama alivyoogopa aliposikia neno lile, hulala.

Jioni ya siku hiyo mama alikuja wodini na beseni. Alikusanya nguo za mgonjwa zilizochafuka, hakumruhusu wifi wala muuguzi, akazifua mwenyewe kwenye bomba la nje, mikono yake ya kizee ikisugua mpaka kola. Aliporudi alisimama miguuni mwa kitanda.

"Mwanangu," alisema, "nilitaka liwe jini. Lingekuwa jini ningejua la kufanya." Halafu akamwambia Fundi kwamba mkeka ule wa sebuleni ameuchoma.

Fundi alikwenda kutafuta maji ya moto wodi nzima mpaka akayapata, akakaa, akaanza na kidole gumba.

Walikaa hospitali wiki sita. Chuma alivimba uso kwa dawa, akapata njaa ya askari jeshi, miguu ikapungua maji, povu likaisha siku hadi siku. Sauti ikanyamaza. Aliporudi alikuta uwanja umeezekwa turubai kuanzia ukuta hadi ukuta, na kamba zimeshushwa ili asinyooshe mikono. Wateja walilalamika kwamba mashuka yanachelewa kukauka. Mama aliwajibu kwamba anayetaka jua aende akaanike kwao.

Wifi alirejea kusuuza na kupiga pasi, lakini saa sita mchana hakuonekana uani. Siku moja Chuma alimuuliza kuhusu lile jiwe. Yeye mwenyewe, Chuma alisema, ubongo wake ulikuwa mgonjwa, daktari ameeleza, hilo limekwisha. "Sasa wewe ulisikia nini, wifi?" Wifi alikunja foronya mara tatu, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema alisikia alichokisikia, na kwamba mwili wake umepimwa, ni mzima.

Hawakulizungumza tena.

Miezi saba ilipita salama. Mwezi wa nane, Chuma alikwenda kliniki peke yake kama alivyozoea, kofia pana, mikono mirefu, bahasha ya majibu kwapani. Kwenye benchi walikuwa wanawake wa kila mara, wanaofahamiana kwa sura na kwa kugombania upande wenye kivuli. Mwisho wa benchi aliketi binti ambaye hakupata kumwona, wa miaka kumi na tisa hivi, kati ya mama na mjomba waliomshika mikono kama mfungwa. Kitambaa cheusi kilifungwa kwenye kifundo cha mkono wake, na shingoni alikuwa na chale mbichi. Kiganja kilekile kilikuwa kimetua usoni pake, shavu, pua, shavu.

Mama na mjomba walipoitwa dirishani kujaza fomu, Chuma alisogea akakaa karibu naye. Binti ndiye aliyeanza. Alimtazama Chuma usoni, pale alama ilipobaki hafifu kama doa lililofuliwa mara nyingi, akainama sikioni.

"Na wewe huwa anakuita?"

Chuma alitaka kusema hapana. Alikuwa amelisema neno hilo wiki tatu mfululizo, kwa mume aliyemkuta amesimama katikati ya mashuka akamuuliza kama ameitwa, kwa mama mkwe, kwa wifi ambaye hakuuliza ila alimtazama. Alikuwa amejiandaa kulisema na leo, mbele ya daktari, kwa kuwa aliogopa kuitwa kichaa, na aliogopa zaidi kuona nyuso zile tatu zikirudi zilivyokuwa.

"Huwa ananiita," alisema. "Ameanza tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Binti alianza kulia bila sauti. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akasoma namba ya Chuma. Chuma akasimama, akamshika binti mkono wenye kitambaa cheusi na kumwinua.

"Twende wote," alimwambia. "Wewe sema lako, na mimi nitasema langu."